Kiatu cha Kushoto

Suma, Tukuyu
6 Juni 1970

Mwanangu Ambindwile,

Habari za joto la Dar es Salaam? Sisi wazima, isipokuwa magoti ya baba yako.

Barua yako kwamba utawaleta mkeo Veronika na watoto kwa lori lako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti mbele ya jirani yetu mama Amoni, maana mwanawe anaendesha baiskeli tu. Kibanda cha mianzi kiko tayari ukingoni mwa msitu, kando ya kijito, kama watoto walivyotaka. Hata mila itatulia: mkwe haonani na baba mkwe, na kule mzee hapiti. Akipita, nitatangulia nipige kelele, Veronika ajifiche. Washushe, uendelee na mzigo wako wa Zambia. Mimi sijawahi kupoteza hata kifaranga.

Mama yako, Atuganile

Suma
24 Juni

Mwanangu,

Salamu baadaye. Barua hii nampa dereva mwenzako Andrea, akukute Tunduma. Mwanao Lusungu haonekani tangu jana mchana. Baba yako alitokea kibandani ghafla, Veronika akakimbilia msituni kujificha, kama inavyompasa. Mtoto akamfuata mama yake, asimpate. Ukungu ukashuka. Kijiji kizima kinatafuta. Tumeokota kiatu kimoja. Veronika hali kitu. Baba yako yumo msituni tangu jana, na magoti yale. Mzee hakusema kama anakuja kibandani.

Mama yako

Tunduma
25 Juni

Mama,

Shikamoo. Za huko siulizi, naziogopa. Wamenizuia hapa mpakani na mzigo; wakiniachia tu naja, hata kwa miguu. Andrea anarudi na barua hii. Mama, ulisema utatangulia kupiga kelele. Ulikuwa wapi? Na kiatu ni cha mguu gani? Cha kushoto nilimfunga mimi kabla sijaondoka.

Mwanao, Ambindwile

Suma
26 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa siistahili. Andrea ananisubiri hapa nje, injini inanguruma.

Baba yako hakuja ghafla. Nilimleta mimi. Nilimwambia, mzee, twende ukaione pua yako kwenye uso wa mtoto. Njia nzima nilikuwa namsifia wajukuu, nikasahau kelele. Mdomo huu unaosikika Suma yote.

Jana jioni baba yako alitoka msituni na Lusungu mgongoni. Akasimama mbali, akageuza uso, akasema, tumeni mtu ampokee. Veronika hakungoja mtu. Alimwendea, akamtazama baba mkwe usoni, akampokea mwanawe mikononi mwake. Mama Amoni akaanza habari za ng'ombe wa faini ya kuvunja mila. Nikamwambia, mama Amoni, leo hapana.

Mtoto anapumua. Macho hajafungua, na mwili ni wa moto. Tumemlaza karibu na jiko, babu yake yuko nje ya mlango, amekataa kuondoka. Njoo, mwanangu, unitukane ukiwa hapa.

Kiatu ni cha kushoto. Fundo lako lingalipo. Sijaligusa.

Mama yako