Fundo la Mkono wa Kushoto

Kisauni, Mombasa
14 Aprili, 1947

Kwa mume wangu Nguma wa Ngowa,

Salamu zangu zikufikie huko Sabaki, zikukute umekula na umelala pakavu. Mimi hawe yako, mama wa baba yako, ni mzima, ila magoti yamegoma, na lile jino langu la mwisho limeng'oka Jumatano, kwa hiyo usinitunzie mahindi ya kuchoma. Mama yako yu hali gani? Kifua kimemwachia? Na wadogo zako, wale aliowazaa alipoolewa tena, tumbo likoje? Nakuita mume kwa sababu jina ulilobeba ni la marehemu babu yako, na kila nikilitaja nawaamkia wote wawili kwa pumzi moja. Usivimbe kichwa. Yeye alikuwa mzuri kukushinda.

Anayeandika ni Florence, mke wa mwalimu wa kanisani, tunapakana ukuta. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Kazi ya bandarini ilipokatika baada ya ule mgomo, mimi ndiye niliyekwambia urudi kwenye ardhi ya baba yako, kwamba mto hauandiki watu kazi wala hauwafukuzi. Sasa waniambia mahindi bado ni majani matupu, watoto wanakula mboga za porini asubuhi na jioni, na chini ya ule mkuyu mna kambare aliyekwisha kwenda na ndoana zako mbili. Wataka nikufundishe tulivyokuwa tukimpata.

Lakini umesema na mambo mawili yaliyonifanya niweke makuti chini katikati ya kushona. La kwanza, kwamba siku hizi wajifunga mshipi mkononi ili samaki asiupokonye. La pili, kwamba Kaviha, yule wanayesema alimuua baba yako, husimama ng'ambo kila unapovua, akakuonyesha mkono wake na kupiga makelele, na kwamba ulimrushia jiwe ukampasua paji la uso, na siku atakapovuka utammaliza. Hapo nitafika, wallahi nitafika. Kwanza nikufundishe samaki, maana njaa haingoji aibu za vikongwe.

Sikiza basi. Mvua kubwa ikinyesha bara, mto huja na magogo na povu. Siku hiyo kaa nyumbani hata watoto wakilia. Samaki naye amejificha, hakuna alaye nyumba ikimbomokea. Ngoja siku ya tatu, maji yakiwa mazito kama uji wa mtama na yameanza kuramba nyasi. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Yakikipita kijiti polepole, kambare wanatoka kwenda kuzaa nyasini. Yakikiacha, wanarudi mashimoni. Na huyo mkubwa hayuko katikati ya mto wanakorusha wapumbavu. Yuko chini ya nyayo zako, penye ukingo uliolika, baina ya mizizi ya mkuyu, ametulia kama mwenye nyumba.

Minyoo itakuletea vidogo vya kuchezea watoto. Mkubwa ni mroho na ni mvivu, kama mzee karamuni: hainuki kufuata sahani, lakini sahani ikimpita puani haiachi. Mpe perege aliye hai, wa urefu wa kiganja, umtoboe kwa ndoana chini ya pezi la mgongo, si kichwani, ili aogelee na kutapatapa. Ukikosa perege, chura. Funga kijiwe juu kidogo ya ndoana, chambo kikae chini kwenye giza lake.

Akigusa usivute. Hapo ndipo vijana wanapoharibu. Atagonga mara moja, mara mbili, kama mgeni asiye na hakika na mlango. Mwache. Kisha mshipi utaanza kuondoka bila haraka. Ndipo amemeza na kugeuza kichwa arudi shimoni. Vuta sasa, kwa mwili mzima, ukielekea pembeni, si juu.

Na mshipi wenyewe ufunge kwenye tawi bichi la mkuyu, nene kama mkono wako. Bichi, Nguma. Tawi kavu huvunjika. Bichi hupinda na kurudi, hupinda na kurudi, mpaka samaki anachoka kwa kupigana na kitu kisichochoka. Mti una mizizi. Mtu ana miguu miwili juu ya tope.

Akifika ukingoni paka mikono jivu, umshike nyuma ya kichwa, ujihadhari na ile miiba miwili ya ubavuni, maana ikikuchoma utalala na homa. Mpige rungu hapo hapo. Babu yako alimwacha mmoja nyasini akaja mbio kuniita nimwone, tuliporudi tukakuta mfereji wa ute unaoelekea mtoni. Nilimcheka mwezi mzima. Na vyura wakinyamaza ghafla, toka majini. Mamba hapigi hodi.

Mama yako anajua kumpika. Bi Khairiya, mwenye nyumba wangu hapa, husema samaki asiye na magamba, akaaye topeni, si samaki, ni nyoka aliyeota ndevu. Mwezi uliopita nilimpa mmoja wa tui bila kumtajia jina, akarudi na sufuria akauliza kama limebaki tone.

Samaki nimekwisha kukufundisha. Sasa lile lingine. Florence ameinua kalamu ananitazama, nimemwambia ashushe kichwa aandike.

Mwaka wa nzige wewe ulikuwa na miaka mitano. Walikula mtama, wakala mahindi, wakala hata majani ya mhogo. Mdogo wako wa kike, aliyekufuata, tulimzika mwezi huo. Nyumba nzima ilikuwa na ndoana moja na mshipi mmoja niliousokota mwenyewe kwa katani. Baba yako Ngowa aliufunga kwenye tawi kavu, kambare akavunja tawi akaenda na vyote. Nikasokota mwingine. Ndoana nikaipata kwa kutoa kuku wetu wa mwisho.

Alasiri aliyotoka nayo nilimzuia mlangoni, tukiwa wawili tu. Nilimwambia maneno ambayo leo, lau yangemezeka, ningeyameza pamoja na yule kuku na manyoya yake. Nilimwambia mwanamume anayepokonywa chakula na samaki, mikono yake ni ya mapambo. Nilimwambia tawi huvunjika, mkono wa mwanamume hauvunjiki. Akacheka, akasema hakuna mtu anayejifunga mshipi mwilini, hata mtoto anajua. Nikamjibu kwamba hao wanaojua wote wana njaa. Nikamshika mkono wa kulia nikamfunga mimi mwenyewe, fundo langu la mizigo ya kuni, lile linalokaza kadiri linavyovutwa. Hakubisha tena. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alininyooshea mkono kama siku nilizokuwa nikimvisha hirizi.

Hakurudi jioni. Asubuhi alirudi juu ya mgongo wa Kaviha.

Kaviha alieleza vile alivyokuta. Kwamba Ngowa alikuwa amevutwa chini ya ukingo, mkono umenyooka kuingia mizizini, na mshipi bado unatetemeka, samaki yu hai upande wa pili. Kwamba alijaribu kumtoa akashindwa, akakata mshipi kwa kisu, samaki akaenda zake. Aliyasema hayo amelowa, na kisu bado kiko mkononi mwake. Lakini watu waliona kifundo cha mkono kimefungwa kamba, kamba imekatwa kwa kisu, na wawili hao walikuwa wamegombania mahali pale pa mkuyu siku mbili kabla. Wakasema amemfunga akamzamisha. Wakamuuliza kwa dhihaka ni mvuvi gani duniani ajifungaye mshipi mkononi, kama Ngowa alikuwa mbuzi wa kufungwa kigingini. Kaviha akasema hajui kwa nini, ila ndivyo alivyomkuta.

Wazee wakanigeukia mimi, mama wa maiti. Waliniuliza kama naujua mshipi ule. Nikasema siujui. Wakaniuliza mwanangu alitoka vipi nyumbani. Nikasema alitoka na mshipi wake begani, umekunjwa, mikono mitupu.

Ndivyo nilivyosema, Nguma. Haikuwa kwa kuchanganyikiwa na msiba. Nilikuwa najua kila neno linakwenda kumpata nani. Niliogopa mama yako angenitazama, niliogopa wewe ungekua ukinitazama. Nikaona ni heri watazamwe wengine.

Kaviha wakamlisha kiraho cha papai, kile kiapo kinachomvimbisha midomo mwenye hatia. Kabla ya hapo vijana walikwisha kumpiga makonde ya uso tangu asubuhi. Midomo ikamvimba, wakasema papai limemshika. Mdomo uliopigwa huvimba hata kwa maji ya kunywa, na hilo niliona nikanyamaza nalo. Mke wake akarudi kwao na watoto. Nyumba yake ikatiwa moto. Yeye akaambiwa avuke mto asirudi upande wetu, na miaka kumi na sita hajarudi. Nami mwaka uliofuata nikaja huku Kisauni, nikawaambia nafuata kazi ya makuti. Nilikimbia. Makuti yako hata huko.

Kabla wanaume hawajamwosha baba yako, niliomba nikae naye peke yangu. Ile kamba ilikuwa imezama katika nyama. Nikailegeza kwa ukucha, nikapaka mafuta ya nazi, nikamvua kama bangili, bila kulifungua fundo. Wazee waliitazama ncha iliyokatwa, hakuna hata mmoja aliyelitazama fundo. Lau mmoja angeinama kulitazama, yangekwisha siku ile ile. Mimi ni mtu wa mashoto, wajua. Fundo langu hupinda kinyume na la watu wote, na kijiji kizima kilikuwa kikinicheka, wakisema mzigo wa kuni wa Nyamvula hufunguliwa na mchawi tu. Wote wanalijua.

Kaviha hakuwa akikutukana, mwanangu. Anakuona mtoto wa Ngowa, mahali pa Ngowa, mto umejaa, na mkono umefungwa kama wa Ngowa. Duniani sisi wawili tu ndio tunaojua mshipi wa mkononi unavyoua, mimi na yeye. Mimi niliyemzaa baba yako, na kwake nikakuzaa wewe, nilinyamaza. Yeye niliyemwangamiza ndiye anayesimama ukingoni kukupigia kelele uufungue, na wewe ukampa jiwe.

Florence analia hapa, anachafua karatasi. Nimemwambia alie akimaliza.

Haya ndiyo ninayokutaka. Ukisoma hapa, kama mkononi una mshipi, ufungue kwanza ndipo uendelee kusoma. Usivue mpaka nifike, hata kama maji yamepita kijiti, hata kama watoto wanalia. Ndani ya kitambaa cha kanga kilichokuja na barua hii mna ile kamba ya baba yako. Iite baraza ya wazee, wale waliobaki, uwasomee barua hii kwa sauti, usiruke neno kwa kunionea haya. Kisha uvuke kwa mtumbwi, mikono mitupu. Mwamkie Kaviha shikamoo. Asipoitika, keti chini mpaka aitike. Mwambie Nyamvula anakuja, na kwamba safari hii nitamtazama usoni mbele ya watu wote, nami nitakaa nitakapoambiwa nikae, ng'ambo au upande huu. Nikiambiwa nile papai, nitakula.

Barua anakuletea dereva wa lori, mkono kwa mkono. Ningekuja nayo, lakini leo amejaza magunia mpaka juu na anasema hapakii vikongwe. Jumamosi nitapanda, akitaka asitake. Kivuko cha Kilifi kikifungwa kwa mvua, nitalala pale pale kwenye foleni.

Kama baada ya haya hutaki tena kuniita hawe, sitakulaumu. Mimi nitazidi kukuita mume wangu, maana jina hilo si langu kulirudisha.

Msalimie mama yako. Mwambie nitazungumza naye mwenyewe, asiombe radhi kwa niaba yangu kwa mtu yeyote. Wabusu wadogo zako, uwafundishe na wao: mti, si mkono. Bi Khairiya anakusalimu, naye hajui lolote. Florence anakusalimu, na sasa anajua.

Florence alitaka nichovye kidole gumba katika wino hapa chini. Nimekataa. Wazee hawakijui kidole changu. Nimemwambia atoboe karatasi kwa sindano, nikapitisha uzi wa katani nikaufunga mwenyewe. Wakilishika fundo hili pamoja na lile la zamani, hawatakuwa na haja ya kuniuliza tena kama naujua mshipi ule.

Ni mimi hawe yako,
Nyamvula