Daftari la Mama Halina Jumanne

Shangazi Borghild mpendwa, pokea salamu kutoka mji wetu wa bandari, Ålesund, safu yako naijua tangu enzi za mama yangu, alikuwa akiikata gazetini na kuibandika kwenye mlango wa friji, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja mimi mwenyewe nitakaa ndani ya gari nje ya bwawa la kuogelea nikikuandikia, lakini akili imefika mwisho, nakuomba unisome mpaka chini kabla hujanikasirikia.

Naitwa Torgeir, ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, mke wangu Ingvild anauguza wazee kwa zamu, na tumejaliwa mtoto mmoja, Tiril, ana miaka tisa. Mwaka jana alipokuwa darasa la tatu nesi wa shule aliwapima wote urefu na uzito kama ilivyo kawaida, kisha akatuita sisi wawili, akatukaribisha kahawa na kutueleza taratibu kabisa kwamba uzito wa Tiril umetangulia mbele ya urefu wake, ila tusimnyime chakula wala tusimtishe, mtoto bado anakua, tukiutuliza uzito urefu utaufikia wenyewe, tupike nyumbani tu na tukae mezani pamoja. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa, maana tulichokuwa tunakula nakijua, piza za friza na soseji za kituo cha mafuta, kila mtu kwa wakati wake, Ingvild akiingia mimi natoka, mtoto na simu yake kwenye kochi.

Ndipo nikakumbuka daftari la mama. Mama yangu Aslaug alifariki miaka minne iliyopita, Tiril hamkumbuki sana, anakumbuka tu mikono yake na redio, na mimi katika vitu vyote vya nyumba ile nilichukua daftari lake la mapishi tu, jalada la bluu, mwandiko umelalia upande wa kulia, kurasa zimejaa madoa ya siagi mpaka unajua kwa macho ni zipi alizozitumia zaidi, na kurasa kumi za mwisho ni tupu, hakuwahi kuzijaza. Nilipolifungua jikoni kwangu nililia, nakwambia kweli, nililia kwa sababu ya neno "koroga" tu jinsi alivyoliandika. Nikaapa nitampikia mwanangu kila kilichomo humo, maana mimi na dada yangu Turid tulilelewa na mikono ile ile na tulikuwa na miguu kama njiti.

Basi nikaanza, na sijawahi kufurahia jikoni kama nilivyofurahia majira yale ya baridi, nilipika madonge ya nyama ya kusaga na mchuzi mzito wa kahawia, nikapika mbavu za nguruwe zenye ngozi inayopasuka mdomoni, nikapika uji wa krimu chachu ule unaokorogwa mpaka siagi inatoka yenyewe na kuelea juu, nikanunua chuma cha kuokea vafla, vile vikate laini vya umbo la moyo, tukawa tunakula karibu kila mchana kwa jamu na krimu, na nyumba ikanukia kama ya mama. Tiril alikula kwa furaha, akawa ananiomba nimsimulie, nami namsimulia, namwambia jinsi Krismasi jikoni palivyokuwa na joto mpaka tunavua sweta, jinsi Bibi yake alivyotuachia sufuria ya mchuzi tuilambe. Nakumbuka hata vioo vya dirisha vikiwa na ukungu wa mvuke wa viazi siku za shule, mimi na Turid tukipanda ngazi tunajua kwa harufu kwamba ni samaki tena, tunavua viatu tumenuna, Turid anasema "samaki tena," na mama bila kugeuka anasema "samaki tena, na kesho tena, kaa," tunakula na karoti zetu, tukimaliza anatufukuza nje tukacheze mpaka taa za barabarani ziwake, lakini hayo sio niliyotaka kukueleza, nilitaka kukueleza habari za uji wa krimu.

Shangazi, mwezi uliopita tulirudi kwa nesi, na uzito haukutulia, umepanda zaidi kuliko wakati wa piza. Sikuelewa na mpaka leo sielewi, chakula cha nyumbani, kimepikwa kwa mkono, kwa mapenzi, hakuna cha paketi hata kimoja. Tiril ameacha kuogelea, alianza kusema nguo inambana, baadaye akasema tumbo linamuuma, halafu nikasikia kwa mwalimu wake wa kuogelea kwamba kuna msichana alimwambia neno kwenye chumba cha kubadilishia nguo, neno gani hataki kusema. Kila Jumatano bado namleta, na kila Jumatano hashuki garini, yuko hapa kiti cha nyuma sasa hivi nikiandika, anatazama wenzake wakiingia.

Ingvild naye amenunua mizani ya jikoni, kila kitu kinapanda juu ya mizani kabla hakijafika kwenye sahani ya mtoto, kiazi kinapimwa, kipande cha mkate kinapimwa, na mtoto amekaa anatazama. Tumegombana, mimi na mke wangu ambao hatukuwa wagomvi, yeye anasema lile daftari nilifungie kabatini kabla halijatumaliza, mimi nikasema mbele ya mtoto kwamba mizani yake haina mkono wa mama, neno la kijinga, nalijutia.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni cha Jumapili. Nilikuwa nimepika uji wa krimu, Tiril akala vijiko viwili akaacha, akaniuliza, "Baba, Bibi alikuwa anapika hivi kila siku?" Nikamwambia kila siku. Akauliza, "Na wewe hukunenepa?" Nikajibu kwa majivuno kabisa kwamba sikunenepa hata kidogo. Akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyemaliza hesabu, "Basi kasoro iko kwangu."

Tangu siku hiyo haketi nasi mezani. Anachukua mkate mkavu anaenda kula chumbani mwake amesimama, nimemwona kwa upenyo wa mlango. Shangazi, nifanye nini, nilifunge daftari la mama nifuate mizani, au nishikilie daftari niache mizani? Nahisi nikilifunga nimemzika mama mara ya pili, na nisipolifunga nampoteza mtoto.

Wako, Torgeir.

*

Torgeir mwanangu,

Nimekusoma mpaka chini kama ulivyoomba, na kukasirika nimekasirika, ila sio pale ulipodhani.

Kwanza pole. Pole ya mama, maana miaka minne sio mingi, na mwanaume anayelia kwa sababu ya neno "koroga" simcheki hata kidogo. Na hongera pia. Umezima simu, umewasha jiko, umemketisha mtoto mezani. Hilo nesi alikuomba na wewe ukalifanya.

Sasa nikugombeze. Umemdanganya mtoto. Amekuuliza Bibi alikuwa anapika hivi kila siku, ukasema kila siku, na yeye akapiga hesabu yake vizuri kabisa: chakula ni kile kile, baba hakunenepa, mimi nimenenepa, basi mbovu ni mimi. Hesabu haina kosa. Kosa liko kwenye ile namba uliyompa.

Hebu lichukue daftari ulisome tena, safari hii na macho makavu. Nionyeshe ukurasa wa samaki wa kuchemsha. Nionyeshe ukurasa wa supu ya kabichi. Hupati. Mimi pia ninalo la mama yangu, limejaa keki za Krismasi na mbavu na uji wa krimu, na ukiliamini utasema sisi watu wa pwani hii tuliishi kwa siagi tupu. Nani anakaa chini kuandika namna ya kuchemsha kiazi? Mtu anaandika kile anachopika mara moja au mbili kwa mwaka, asije akasahau vipimo. Na madoa hayo ya siagi unayoyasema ni madoa ya Krismasi thelathini, sio ya siku thelathini. Aslaug aliandika sikukuu. Siku za kawaida alizijua kwa mikono, na mikono hakuiacha kwenye daftari.

Umempikia mtoto Krismasi majira yote ya baridi, baba wee, na unashangaa uzito unapanda.

Na kinachonifanya nikugombeze kwa nguvu ni kwamba jibu umelituma mwenyewe, ndani ya barua hii hii, halafu ukaliruka. Umeandika vioo vyenye mvuke wa viazi. Umeandika samaki tena, na kesho tena, kaa. Umeandika karoti, umeandika kufukuzwa nje mpaka taa ziwake. Kisha ukasema hayo sio uliyotaka kunieleza. Mimi niliposoma pale niliweka miwani mezani, kwa sababu na mimi ngazi hizo nimezipanda na harufu hiyo naijua, na mama yangu alisema maneno karibu yale yale, mgongo umetugeukia. Tulinuna sana. Leo ningetoa chochote nipande ngazi zile nikute samaki tena.

Sikiliza sasa. Wala hujamzika mama mara ya pili. Umemkumbuka nusu tu, na nusu uliyoisahau ndiyo iliyokupa miguu ya njiti.

Ile mizani iingie kabatini leo, ikae na vyombo vya keki mpaka Desemba. Mtoto asione tena chakula chake kikipimwa kama dawa. Lakini mizani usiifiche kimya kimya, kamwombe Ingvild msamaha kwanza kwa lile neno lako, tena mbele ya Tiril, kwa kuwa ulilitamka mbele yake. Mkeo sio adui wa mama yako. Anaogopa, na aliyeogopa hushika chochote kilicho karibu. Mwambie unaogopa na wewe, muone kama mtagombana.

Mpigie dada yako Turid. Muulize mlikula nini siku za shule, siku moja moja, na uandike. Nakuhakikishia atacheka kabla hajajibu. Kisha mpike hivyo: samaki mweupe, viazi, karoti, supu ya mifupa ya Jumapili ikifika Jumatatu, mboga nyingi, maji mezani. Nyinyi wazazi mnaamua nini kinawekwa mezani na saa ngapi, Tiril anaamua ale kiasi gani, na hakuna wa kumwambia ongeza wala acha. Neno uzito halina kiti kwenye meza yenu. Ingvild akiwa zamu sahani yake ifunikwe imsubiri, mtoto ajue kwamba hata asiyekuwepo anahesabiwa. Tiril aende nawe bandarini achague samaki mwenyewe, asugue viazi, aharibu karoti mbili tatu. Mkishamaliza kula tokeni nje wote, mvua ikiwepo mna makoti.

Vafla zibaki, siku ya Jumapili. Uji wa krimu ubaki, siku yake ikifika, na siku hiyo ule bila kujieleza kwa mtu. Mama yako hakuwa mjinga, alijua utamu wa sikukuu unatokana na kusubiriwa.

Nguo ya kuogelea inunuliwe inayomtosha leo alivyo, usisubiri mwili ubadilike ndipo astahili maji. Lile neno la chumba cha kubadilishia nguo usimlazimishe alitoe, ila mwalimu wake aambiwe asimamie chumba kile, hiyo ni kazi yake. Na mkirudi kwa nesi msimpelekee kilo tu. Mpelekeeni ile sentensi ya Jumapili, na habari ya mkate wa kula kwa kusimama. Mtoto wa miaka tisa anayejificha kula anahitaji kusikilizwa mapema, na nesi anajua nani wa kumwita.

Haya yote yatachukua miezi. Usimchungulie mtoto kila asubuhi kama maandazi yanayoumuka.

Lakini kuna kimoja hakisubiri. Siku gazeti hili litakapotoka ni Jumanne. Pika samaki. Usimwite Tiril mezani, nenda chumbani kwake na lile daftari, mfungulie zile kurasa kumi tupu, umpe kalamu. Mwambie ukurasa wa kwanza unaitwa Jumanne na unahitaji mwandishi, kwa sababu Bibi hakuwahi kuuandika. Atanuna akisikia harufu ya samaki. Mwache anune, wewe ulinuna kila Jumanne ya utoto wako, na kila Jumanne ulipendwa.

Na kabla hajaandika neno la kwanza mjibu tena swali lake, safari hii kweli. Mwambie kwamba siku za kawaida Bibi alipika samaki, viazi na karoti, na mezani walikaa watoto wawili waliokasirika. Mwambie hakuna kasoro yoyote kwake. Kasoro ilikuwa kwa baba yake, aliyempenda mama yake mpaka akakumbuka Jumapili peke yake.

Shangazi Borghild