Nilichomficha Mueni

Mitaboni

Mjukuu wangu Mwende,

Huku tuko salama. Mbaazi tumevuna, na babu yako bado anagombana na jogoo wako. Barua yako aliisoma mara mbili, akanipa nikujibu.

Unauliza kama umfundishe huyo msichana mrefu aliyeletwa kuchukua namba yako kwenye timu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane, senta wa timu ya kampuni, yule anayesimama chini ya kikapu, nikicheza kikapu kwa mshahara, kocha alipomleta msichana Mueni kutoka Matuu achukue namba yangu. Nilimfundisha kuruka, kupokea, kurusha. Jambo moja nikalificha: ukisukumwa chini ya kikapu, mbebe anayekusukuma kama mtungi wa maji mgongoni. Kunja magoti, kaza shingo, kama kamba ya kubebea mtungi iko kwenye paji la uso. Mueni alibeba maji tangu utotoni. Angeelewa mara moja.

Kwenye fainali nilipata faulo ya tano, nikatolewa, yeye akaingia. Wapinzani walimsukuma kama mlango usio na komeo. Ningeweza kumwita pembeni nimwambie. Nilikaa nikinywa maji.

Tulishindwa kwa pointi moja. Alinijia akilia, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mama. Na vile ulinifundisha kila kitu."

Mpaka leo sijamwambia nilichomficha.

Sasa hiyo ya mtungi nimekuandikia wewe. Ukimaliza kusoma, mwite huyo msichana, umsomee.

Ni mimi, nyanya yako anayekupenda.