Mwembe Wako Umelifikia Bati, Mama

Waliokuwapo uani Jumapili hii ni Baba, wifi yako, kaka yetu fundi umeme, kitindamimba wako ambaye hadi leo tunamwita Kijiko, na mimi, mwanao mwalimu.

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka.

Tunaikumbuka cherehani yako iliyoanza kulia kabla hatujaamka, na sketi za watoto wa jirani ulizozitia pindo bila kuombwa. Lakini kwa kuwa tuliketi nyuma ya nyumba, mazungumzo yaliuelekea mwembe wako.

Uliupanda ukiwa umekwisha kuamua kimo chake. Ulipofika magotini uliukata kilele, nasi tukadhani umeuua. Ukachipua pembeni, nawe ukachagua matawi machache, ukaacha nafasi katikati ili mwanga upite. Nilipokuuliza sababu ulinijibu, "Wewe si mwalimu? Darasa likiwa na giza, wa katikati watasoma nini?"

Embe la mwisho likishachumwa, hukulaza siku; ulitoka na mkasi. Baba alikutania kwamba mti unanyolewa kama bwana harusi, nawe ukamwambia akae vizuri, zamu yake inafuata. Tulichuma tukiwa tumesimama chini, hata wifi yako, ambaye hakwei kitu kirefu kuliko kizingiti.

Ulituacha mavuno yakiwa ndiyo kwanza yamekwisha. Katika msiba ule, nani angeukumbuka mkasi? Tulipozinduka, ncha za matawi zilikuwa zimekomaa, zikijiandaa kutoa maua, nasi tukazikata zote kwa bidii. Maua hayakuja. Kila palipokatwa pakaota vichipukizi vingi kama ufagio, vyote vikikimbilia juu. Tukakata tena, vikazidi. Bwana shamba alitushauri tuchague vya kubaki na vya kuondoa. Tukatazamana. Wewe ulivijua kwa kuviangalia tu. Sisi tunaviangalia, navyo vinafanana.

Sasa tawi moja limelala juu ya bati la chumba chenu. Upepo ukivuma linakwaruza, na mvua imeanza kupenya penye misumari. Kaka alisema heri uangushwe kabla paa halijaharibika lote, kwani mti wenyewe hauna mwenyewe.

"Unaye," wifi yako akamjibu. "Ila hayupo."

Kijiko akainama, akalia.

Ndipo Baba alipoinuka, akatutangazia sote: "Mti msiuguse tena. Bati likitoboka, na litoboke. Mimi nahamia chumba cha mbele. Njooni mnisaidie kitanda."

Tukainuka, tukakibeba.

Mumeo, wifi yako na sisi wanao watatu hatutaacha kukukumbuka.