Shafti ya Pawatila Yako

Sanaiya,
Doha.
16 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Sharifa,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinama shambani? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Uso ndio sina pa kuuweka.

Shangazi, ile shafti ya pawatila yako ya kulimia, uliyompa Hamza aniletee huku, nimeiharibu. Haitengenezeki tena.

Kazi ilikuwa ndogo. Pale beringi inapokaa nilishapajaza kwa kuchomelea, ikabaki kuikereza tu, yaani kuizungusha kwenye mashine huku kisu kikiipunguza. Ila shafti yenye meno haibanwi hivi hivi na taya za mashine. Huvalishwa kwanza bushi, yaani pete nene iliyopasuliwa upande mmoja, ambayo ndani ina meno ya kuingia kwenye mianya ya shafti. Taya zinabana bushi, meno yanasalimika. Bushi hilo tunalo, lipo kabatini. Sikulivalisha.

Unajua kwa nini? Nilikuwa najirekodi. Bushi linafunika meno, na mimi nilitaka yaonekane yakizunguka na kumetameta, ukoo mzima ujue Khalfan ni fundi wa Uarabuni. Kisu kilipogusa tu, shafti ikateleza, taya zikayatafuna meno. Mudiri wetu, msimamizi wa karakana, aliitazama akasema, "Khalas, Khalfan. Tupa."

Kuna baya zaidi. Ile video niliyotuma kwenye kundi la familia niliikata kabla shafti haijateleza. Ukajibu kwa vigelegele, nami nikakuacha ushangilie. Nimejichukia, Shangazi.

Shafti mpya nimeagiza Dar, lakini wenye duka wanasema haitafika kabla ya Januari, na mvua za Ifakara ndizo hizo zinakuja. Fundi Silvesta ana pawatila. Najua ulimnyima kazi ya kutengeneza shafti kwa sababu yangu, ukamwambia mbele za watu kwamba una mwanao Doha. Nakuomba umwendee, akulimie. Aibu ni yangu, halafu anayekwenda kupiga hodi ni wewe, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nisalimie Bibi Khadija na wote hapo nyumbani. Mwenyezi Mungu akupe mpunga mwingi mwaka huu, hata kwa jembe la mtu mwingine.

Mwanamkuu, anayekuletea barua hii, anayo video nzima kwenye simu yake. Nenda naye, Silvesta aione yote, mpaka pale ninapopiga yowe. Akimaliza kucheka, ndipo umwombe.

Wako akupendaye na kukuonea haya,
Khalfan