Mwalimu, Nilimnyamazisha Marigu

Mwalimu Njeru,

Nina jambo la kukuungamia, na hapa shuleni sina wa kumwambia. Darasa lako la kilimo sasa ni langu. Baada ya kukuzika walibadilisha paa, wakatupa kabati lako la chupa za sampuli za udongo kule stoo. Nimelirudisha. Najua ungenicheka.

Unakumbuka kipindi cha mfano wa mpanzi? Nilikuwa kidato cha pili. Ulizoea kufungua Biblia kabla hatujashika jembe, na siku hiyo ulituambia yule mpanzi alikuwa mzembe, kwani mbegu hutiwa shimoni. Wewe mtu wa Manyatta, wa kahawa na mvua, ungejuaje? Nikanyoosha mkono, nikaeleza kwamba kwetu Siakago, kwenye ukame, nyanya yangu humwaga mtama juu ya ardhi kavu kabla mvua haijafika, ndipo analima kuufukia. Mbegu nyingine huangukia njiani, haikosi. Darasa likaniangalia kama mtu aliyetukana. Ukaweka chaki chini ukasema, "Wawira, leo nimefundishwa. Njoo mbele umalizie." Siku hiyo ndiyo nilipenda ualimu.

Sasa sikia nilichofanya mimi. Mwaka huu mvua imetutoroka. Marigu, msichana wangu wa kidato cha pili, aliuliza kwa nini mtama wa mama yake umekauka ilhali udongo ni mzuri na mama haachi kuomba. Nilikuwa nimechoka, silabasi imebaki nyuma. Nikamtupia mstari wa Biblia kuhusu subira, nikaendelea na mbolea. Akaketi. Wiki tatu hakuuliza kitu, mtoto aliyezoea kunisumbua kila kipindi. Niliona haya hata kupita karibu na dawati lake.

Jumatatu nilisimama mbele ya wote nikamwambia sikuwa na jibu siku ile, na bado sina, na kwamba nilikosea kumfunga mdomo kwa Neno la Mungu. Tukasoma zaburi za watu wanaomlalamikia Mungu, kisha tukatoka kuchimba shambani kuona unyevu umeishia wapi. Marigu akachimba bila kuniangalia. Nilirudi nyumbani nikalia. Nimekukumbuka sana, Mwalimu.

Leo nikifuta ubao amekuja taratibu akasema, "Mwalimu, nina swali, lakini si la mtihani."

Pumzika kwa amani, mzee wangu. Sitamnyamazisha mtoto kwa Biblia tena, nakuahidi. Swali lake ni gumu kuliko lile la kwanza, na kesho ananingoja.

Wawira