Baba, Taa ya Utelezi Ilikuwa Inawaka

Baba,

Nakuandikia nikiwa ndani ya pikapu, upande wa Kasuku, nikingoja kivuko kinipeleke Alunguli, ng'ambo ya mto. Mbele yangu kuna lori la saruji na lori jingine la chumvi na sabuni. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini njia ya kushukia mtoni inateleza vibaya. Mara tatu nimeshuka, nimezunguka gari, nimepiga tairi teke, nimerudi kukaa. Siwezi kutulia. Tangu tulipokuzika siwezi kutulia popote, hata sala naiharakisha, na unajua ulivyokuwa ukinigombeza kwa jambo hilo.

Habari za nyumbani kwanza, kama ulivyopenda. Mama anakula, kidogo. Mfupa wa bega langu umeunga. Pikapu imetengenezwa, ila mlango wa upande wako ni wa gari lingine, mweupe, na gari zima ni la buluu. Ungecheka sana. Baba mudogo Sumaili amehamia chumba cha mbele mpaka Mama azoee. Mimi naendesha peke yangu njia yetu ya Pangi, napeleka bidhaa za wafanyabiashara, narudi na mchele.

Hizo ni habari nzuri. Kuna nyingine, na ndiyo iliyonifanya nichukue karatasi.

Wanasema uzee ndio uliokuua. Walianza siku ya matanga. Sumaili alisema mbele ya watu waliokaa mikekani, "Mikono ya kaka ilishachoka, tungemukataza gari mapema." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, bega limefungwa, nikasikia kila neno. Nikanyamaza. Ndugu yako wa tumbo moja, Baba, na mimi mwanao nikanyamaza.

Ngoja nieleze kwa mpango, maana nikiruka ruka nitakimbia tena.

Siku nilipoleta pikapu hii nyumbani uliikagua injini, ukakaa, ukawasha. Taa zote za dashibodi zikawaka. Ukashuka, ukaingia chumbani, ukarudi na mkasi na skochi nyeusi, ule utepe wa kunata wa mafundi umeme. Sikushangaa. Tangu utoto wangu sijaona gari uliloliendesha bila kuziba taa zake. Najua ilikotoka tabia hiyo. Wakati wa vita wanajeshi walikuchukua wewe na pikapu ya tajiri wako uwabebee vyakula kuelekea Lokandu, na njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Mkubwa wao hakujua gari, alijua kuwashuku watu tu. Akasema umeliharibu makusudi ili uwaache porini wauawe. Wakakupiga mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Kumbe ni waya tu uliolegea.

Uliporudi, siku ya tano, hukusimulia mengi. Ulikata skochi, ukaziba kila taa. Ukasema, "Taa ya gari iko inasema mbele ya watu. Mie nitasikia gari na matako." Mama akakukemea kwa kutamka neno hilo mbele ya watoto. Tukacheka, na risasi zilikuwa zinasikika.

Kwa hiyo kwenye gari hili jipya tulipatana. Niliomba uiache taa ya oili na ya joto, ukakubali. Lakini ile ya utelezi, yenye kigari kidogo na alama mbili zilizopinda chini yake, ulikataa katakata. Njia ya Pangi msimu wa mvua taa hiyo inapepesa kutwa, na abiria wakiiona wanaanza kusali kwa sauti. "Ile njo ya kutisha watu," ulisema. Tukaiziba. Wala si kwamba hatukuijua. Fundi alitueleza vizuri: ikipepesa, gari linazuia tairi zake lenyewe, linakusaidia. Ikiwaka tu bila kupepesa, msaada umezimwa, uko peke yako. Tukamwitikia ndiyo ndiyo, tukaenda zetu na skochi yetu.

Na ulilipenda gari hili. Mara ya kwanza lilipojinyoosha lenyewe kwenye mteremko ulipiga usukani kofi la furaha. "Iko na akili, inajikamata yenyewe." Wewe uliyekuwa ukishuka kwenye ule udongo mwekundu kwa mwendo wa kinyonga, ndani ya msimu mmoja ukaanza kushuka kwa gia ya tatu. Nilikuona nikafurahi. Nilidhani ni ujana umerudi. Kumbe gari ndilo lililokuzoesha.

Sasa siku ile.

Tulikwama matopeni kabla ya mteremko. Unajua gari hili likiwa matopeni, ule msaada wake unakuwa adui: unapunguza nguvu ya injini, tairi hazizunguki, unabaki pale pale ukinguruma. Kila dereva wa njia ile anajua la kufanya. Unabonyeza kitufe, unazima msaada, unatoka, unabonyeza tena. Wewe ulikuwa na mikono yote miwili kwenye usukani.

Nilibonyeza mimi.

Tukatoka. Waliotusukuma wakapiga makofi, tukawagawia ndizi mbivu zilizokuwa miguuni pangu. Nikaanza kujifuta matope yaliyonirukia usoni kupitia dirishani, nikakutania kwamba umezeeka lakini matope bado yanakuogopa. Ukacheka. Na mimi, kwa kucheka na kujifuta, sikubonyeza tena. Taa ilikuwa inawaka chini ya skochi, bila kupepesa, na hakuna aliyeiona.

Ulishuka kwa mwendo wako wa kila siku. Nyuma ya gari ikaanza kutupita. Uliachia breki, ukageuzia usukani kule kule nyuma ilikokwenda, taratibu, kama ulivyonifundisha mimi. Ulikuwa unangoja gari lijikamate. Nililiona hilo usoni mwako, ile subira ya mtu anayejua rafiki yake yuko karibu kufika. Halikujikamata. Tukagonga ukingo kwa upande wako.

Nimemuuliza fundi kama msaada ungetuokoa. Akasema, "Pengine ndiyo, pengine hapana. Ile hakuna muntu atakuambia, Mama." Sikumwambia kwa nini nauliza.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilijidanganya kwamba namlinda Mama. Ukweli ni woga. Wanawake wanaoendesha njia ya Pangi unawahesabu kwenye vidole vya mkono mmoja, na ningekuwa yule aliyemuua baba yake kwa kusahau kitufe. Nani angenipa tena mzigo wake? Nikaona bora waseme uzee. Nikajiambia, uzee si aibu, marehemu haumii.

Skochi niliibandua siku ile ile gari lilipotoka garaji. Sasa taa inapepesa, abiria wanasali, nami nawaacha wasali. Nilifikiri hilo lingetosha kunituliza.

Halafu kuna Mzee Asani, mwenzako wa tangu enzi za malori. Baada ya kukuzika, wanawe walimnyang'anya ufunguo wa gari lake. "Umeona ya Mzee Ramazani," walimwambia, wakimaanisha wewe, na ndio ukawa mwisho wa mazungumzo. Anaendesha vizuri kuliko wao wote, wewe mwenyewe ulisema. Sasa kila asubuhi anakuja maegesho karibu na soko, shati limepigwa pasi, anaketi kwenye benchi. Akichoka kuketi anafuta vioo vya magari ya watu, bila kuombwa. Vijana wanamwita Baba Kioo, na yeye anacheka nao.

Jana alinishika mkono, hakuniachia. Aliniuliza polepole, ili wengine wasisikie, "Mutoto, uniambie kweli. Mikono yake ilitetemeka?"

Baba, nilimjibu sijui. Nikasema ilikuwa haraka mno.

Akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku, akaiingiza mifukoni. Akaniambia niende salama.

Nimeandika hapo juu nikasimama, nikashuka tena garini. Mkono unauma kwa kuishika kalamu. Kivuko kimefika, lori la saruji linapanda, na mwenye gari la nyuma yangu ananipigia honi. Ni haki yake. Lakini sitavuka leo. Mzigo wa watu utangoja, nitawapigia simu, watakasirika. Nitageuza gari, nipande hadi kwa Mzee Asani, na nitaomba wanawe wakae wasikie. Jioni nitamwambia Mama. Ijumaa, watu wakitoka kuswali, nitamwita Sumaili pamoja na wale wale waliokaa mikekani, niseme mbele yao, hata kama ndiyo mara yangu ya mwisho kupewa mzigo katika mji huu.

Kwaheri, Baba. Nisamehe kwa kitufe, na unisamehe zaidi kwa kunyamaza, maana kitufe nilikisahau mara moja, lakini kunyamaza nilikuchagua kila siku. Nakuahidi hakuna atakayekuita mzee aliyechoka mbele yangu nikatazama chini.

Nitaanza na jibu la Mzee Asani. Mikono yako haikutetemeka. Nilikuwa kando yako, niliiona.

Mwanao,
Zaina